Shajara ya mradi: kutoka matimba hadi nondo katika njia mbili za makaa

Februari, wiki ya kwanza

Kazi yenyewe ni hii. Tuna njia mbili sambamba zinazofuata tabaka la makaa, kila moja ina upana wa mita 5 na kimo cha mita 2.8. Kila baada ya mita 30 zinaunganishwa kwa kichochoro. Tuko kina cha mita 120 hivi. Njia moja inabeba mkanda wa makaa, nyingine inapitisha watu na hewa safi. Dari yote inashikwa na matimba ya mikaratusi: nguzo mbili, gogo la kulala juu yake, na vipande vya mbao vya kukazia. Uongozi unataka njia zote mbili zisonge mbele, na nimepewa jukumu la kusanifu namna ya kuishika dari kwa nondo zinazogandishwa ndani ya mwamba kwa gundi.

Ofisini sababu inayotajwa ni nafasi na gharama. Magogo yanabana njia, yanaoza kwa unyevu, na mkokoteni ukiyagonga mtu anabaki chini ya dari tupu. Yote ni kweli. Lakini sababu inayonisukuma mimi ni kwamba gogo husubiri. Halibebi chochote mpaka dari ishuke na kulikalia, na dari ikishashuka, matabaka yake yameshaachana. Nondo ikiwekwa mapema, karibu na uso wa kuchimbia, inaukamata mwamba ungali mmoja. Hapo mwamba unajibeba wenyewe, na chuma kinausaidia tu usitengane.

Naandika shajara hii kwa sababu kwetu hakuna wengi wa kuwauliza. Kiwira, mgodi uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1988, ni wa chini ya ardhi. Ngaka, kule Mbinga, ni mgodi wa wazi, na huko tatizo ni kuta wala si dari. Atakayeipokea kazi hii baada yangu akute hesabu na sababu zake.

Februari, wiki ya pili

Nimeanza na dari yenyewe kabla ya kugusa kikokotoo. Ninatumia kipimo cha CMRR, kilichotayarishwa na Gregory Molinda na Christopher Mark wa Ofisi ya Migodi ya Marekani na kuchapishwa mwaka 1994. Kinaipa dari ya makaa alama kati ya 0 na 100. Chini ya 45 ni dari dhaifu, kati ya 45 na 65 ni ya wastani, juu ya 65 ni imara. Ninakipenda kwa sababu kinajali kile kinachoangusha dari za makaa hasa, yaani nyuso dhaifu kati ya tabaka na tabaka. Ugumu wa jiwe lenyewe unakuja baadaye. Jiwe linaweza kuwa gumu likiwa mkononi na bado likamwagika kutoka darini kama limejaa nyufa za mlalo.

Vifaa ni nyundo yenye kichwa cha mviringo, patasi na ndoo ya maji. Unagonga kwa nyundo na kutazama: je, inaruka na kurudi, inaacha alama ndogo, inabonyeza, au inazama? Patasi unaiweka kwenye mstari wa tabaka na kuona inahitaji mapigo mangapi kuligawa. Kipande kinaingia kwenye maji ili kuona kama kinabaki kizima au kinageuka tope.

Nilichokiona: juu ya makaa kuna mwamba wa tope, rangi ya kijivu, wenye matabaka membamba. Patasi inaugawa kwa pigo moja au mawili. Baadhi ya nyuso zake zimeng'aa kama zimepigwa msasa, dalili kwamba zamani ziliteleza. Kwenye maji unapasukapasuka mpaka asubuhi ya pili, maana yake unyevu wa hewa ya masika utaula pole pole. Juu yake kuna jiwe la mchanga, gumu, ambalo nyundo inaruka. Nikiuhesabu mwamba wa tope peke yake ninapata alama kati ya 36 na 40. Jiwe la mchanga likiingia ndani ya urefu wa nondo, alama ya dari nzima inapanda kidogo juu ya 45.

Kwa hiyo swali kubwa la usanifu ni unene wa huo mwamba wa tope. Sampuli za uchorongaji zinaonyesha mita 0.9 hadi 1.1 upande wa kaskazini, kisha unanenepa kuelekea kichochoro cha saba hadi mita 1.9. Visima vya uchunguzi viko mbalimbali mno. Nimeomba kila zamu ichoronge shimo moja refu la dari katika kila mita 30 na kuandika mahali rangi ya maji inapobadilika kutoka kijivu kuwa nyeupe. Ni kipimo cha hali ya chini, lakini kinatuambia jiwe la mchanga linaanzia wapi.

Nimetafuta pia dalili za mgandamizo wa mlalo. Katika migodi mingi ya makaa ya Australia na Marekani, mwamba unasukumwa kwa pembeni kwa nguvu inayozidi uzito ulio juu yake, na kona moja ya dari huvunjika na kuchimba mfereji kwa urefu wa njia. Hapa sikuona mfereji wa aina hiyo, wala tofauti kati ya njia zetu na vichochoro vinavyozikata kwa pembe mraba. Tuko karibu na Bonde la Ufa, ambako ardhi inavutwa zaidi ya inavyosukumwa, kwa hiyo sikushangaa. Bado kwenye fomu ya ukaguzi wa kila siku nimeweka sehemu ya kuandika kona iliyovunjika na ni ya upande gani.

Februari, wiki ya tatu

Hesabu. Njia mbili zimenipa majibu mawili yanayotofautiana sana.

Ya kwanza ni ya kuning'iniza. Mwamba wa tope wenye unene wa mita 1.1, upana wa mita 5, tani 2.5 kwa mita ya ujazo: karibu tani 14 kwa kila mita ya njia. Nondo zinatoboa tabaka hilo na kushika jiwe la mchanga. Nondo ya milimita 22 ya chuma cha megapaskali 420 huanza kunyooka ikifika tani 16. Kwa hesabu hii pekee nondo moja katika kila mita ingetosha, na hapo ndipo hesabu inapoweza kumuua mtu, kwa sababu nondo moja inaacha matabaka membamba yakipinda na kumwagika pande zote mbili.

Ya pili ni fomula ya Ünal ya mwaka 1983, iliyotokana na dari za makaa: kimo cha mwamba uliolegea ni mia kasoro alama ya mwamba, gawanya kwa mia, zidisha kwa upana wa njia. Alama inayotumika hapo ni ile ya Bieniawski (RMR, kipimo cha jumla cha ubora wa mwamba), si CMRR. Kwa alama yetu ya 45 kwenye kipimo hicho ninapata 0.55 mara mita 5, yaani mita 2.75. Uzito wake ni tani 34 kwa kila mita ya njia, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Nimeamua kubeba jibu kubwa kwa upande wa nguvu na kutumia jiolojia kwa upande wa urefu. Nondo tano kwa mstari, mstari kila mita 1, zinatoa tani 80 kwa mita, mara 2.3 ya mzigo wa Ünal. Mashine ikichelewa na mstari ukasogea hadi mita 1.2, bado tunabaki na mara mbili, kasoro kidogo. Sitaki kushuka chini ya hapo kwenye njia ambayo watu wataipita kila zamu kwa miaka.

Kuna jambo ambalo hesabu ya uzito haiwezi kulionyesha. Chukua mbao kumi nyembamba, zipange moja juu ya nyingine katikati ya viti viwili, kaa juu yake: zinapinda na kuteleza. Zibane kwa skrubu au gundi ziwe kitu kimoja na ugumu wake dhidi ya kupinda unazidi mara mia. Hicho ndicho nondo zinachofanya kwa mwamba wa tope, na ndiyo maana zinapaswa kugandishwa kwa gundi urefu wote, kutoka ncha hadi mdomo wa shimo. Nondo iliyoshikwa juu tu inabeba uzito, lakini haizuii kuteleza.

Urefu: mita 1.8 pale mwamba wa tope usipozidi mita 1.1, ili zaidi ya sentimita 50 ziwe ndani ya jiwe la mchanga. Mita 2.4 pale unapozidi hapo. Kila nondo na bamba la chuma la milimita 150 kwa 150, na wavu wa waya kati ya mistari, kwa sababu vipande vidogo vinavyodondoka kati ya nondo vinavunja mabega ya watu hata dari kubwa ikiwa salama.

Machi, wiki ya kwanza

Gundi imefika, ikiwa ndani ya kapsuli, yaani vifuko vya plastiki vinavyochanwa na nondo inapozungushwa shimoni. Leo ni ya mashimo.

Ghala lina vichwa vya kuchoronga vinavyotoa shimo la milimita 32, vingi, na fundi mkuu angependa tuvitumie. Nimetaka vya milimita 28. Nondo ya 22 ndani ya shimo la 28 inaacha pengo la milimita 3 kila upande. Kwenye shimo la 32 pengo ni milimita 5, gundi haichanganyiki vizuri, na ile plastiki ya kapsuli inajizungusha kwenye nondo badala ya kuchanika. Ukiitoa nondo unaikuta imevaa soksi ya plastiki, na gundi imebaki nje yake.

Hesabu ya ujazo nayo inasema hivyohivyo. Kujaza urefu wa mita 2.3 kwenye shimo la 28 kunahitaji mita 1.2 ya kapsuli ya milimita 24. Shimo la 32 linahitaji mita 2.15. Karibu mara mbili ya gundi, kwa nondo ileile, na kazi dhaifu zaidi.

Tumefanya majaribio ya kuvuta kwa jeki, gundi ikiwa sentimita 30 tu kwenye ncha, ili tupime mshiko na tusipime chuma. Jiwe la mchanga, shimo la 28: tani 14 hadi 15. Mwamba wa tope, shimo lilelile: tani 5 hadi 7. Jiwe la mchanga, shimo la 32: moja lilifika tani 11, lingine liliachia kwenye 6. Ni ile tofauti kati ya mashimo mawili ya aina moja iliyomshawishi fundi mkuu. Vichwa vya 32 vimerudishwa ghalani.

Kuhusu nafasi, wengi waliuliza nondo ya mita 2.4 itaingiaje kwenye njia yenye kimo cha mita 2.8 huku mashine ikiwa chini yake. Jibu: unaisukuma kwa mkono mpaka iguse kapsuli, nayo inazama zaidi ya mita 1 kwa urahisi. Kinachobaki nje ni mita 1.3, na mashine yetu ikijikunja ina mita 1.1. Inatosha, lakini mtu mrefu anapaswa kuchunga vidole.

Kazi ya zamu kwa kila nondo: choronga kwa maji ili kuua vumbi, safisha shimo, kapsuli inayoganda haraka itangulie juu, zile za polepole zifuate, zungusha kwa muda ulioandikwa kwenye boksi bila kuzidisha, shikilia, kisha kaza nati. Anayezungusha kupita muda anaisaga gundi iliyokwisha anza kuganda.

Machi, wiki ya pili

Mzee wa matimba amekuja kuniona. Ameshika dari za makaa tangu kabla sijaanza shule, na nimekuwa nikimtafuta anisindikize kila ninapopima. Alisema: "Mwanangu, gogo husema kabla ya kuvunjika. Nikisikia linalia nawatoa vijana. Hiyo nondo yako itaniambia nini?"

Ni swali bora kuliko yote niliyoulizwa katika mradi huu. Nondo haionekani, kichwa na bamba tu ndivyo viko nje. Inaweza kukatika ndani bila mtu kujua. Uingereza, katika mgodi wa Bilsthorpe huko Nottinghamshire, tarehe 18 Agosti 1993, dari ya njia iliyoshikwa kwa nondo ilishuka na watu watatu wakafa. Baada ya hapo kupima mjongeo wa dari kulihesabiwa huko kuwa sehemu ya ushikizi wenyewe, sawa na nondo.

Marekani nayo ina somo lake. Nondo zilienea huko kwa kasi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati ambapo maporomoko ya dari yalikuwa yanasababisha karibu nusu ya vifo vya wachimbaji wa makaa. Kila mtu alitarajia vifo vishuke. Kwa miaka mingi havikushuka kama ilivyotarajiwa, kwa sababu migodi ilipoona chuma kinashika, ilikitumia kwa uchache iwezekanavyo, na hatari ikarudi palepale. Ilihitajika sheria ya 1969, iliyolazimisha kila mgodi uwe na mpango wa dari ulioidhinishwa, na miaka mingi ya utafiti, hadi 2016 ukapita mwaka mzima bila mchimbaji wa makaa wa chini ya ardhi kuuawa na poromoko la dari.

Nilimwonyesha mzee kiashiria. Ni kifaa chepesi: shimo la mita 5 darini, nanga mbili za springi, waya kutoka kila nanga, na vijiti viwili vyenye rangi vinavyoning'inia mdomoni. Nanga ya kwanza iko ndani kidogo ya urefu wa nondo, ya pili iko juu kabisa. Dari ikishuka, kijani kinafichika ndani ya shimo, kisha njano, kisha nyekundu ndiyo inayobaki. Kijiti A kinasema mwamba umefunguka kiasi gani ndani ya urefu wa nondo. Kijiti B kinasema umefunguka kiasi gani juu yake. Alisimama chini yake muda mrefu, akauliza nani atavisoma. Nikamwambia yeye, kama atakubali. Amekubali, kwa sharti kwamba matimba ya njia ya zamani hayaguswi mpaka vijiti vitulie. Sharti hilo nimeliandika kwenye mpango kama kifungu.

Aprili, wiki ya kwanza

Njia ya kaskazini inaendelea vizuri. Viashiria vyote hadi kichochoro cha sita vinasoma kati ya milimita 3 na 7, sehemu kubwa kwenye A, na vilitulia uso wa kuchimbia uliposogea mbele.

Kichochoro cha saba si hivyo. Hapo mwamba wa tope una mita 1.9 kama tulivyotarajia, nondo ni za mita 2.4, na njia panda imefunguliwa. A kinasoma milimita 4. B kinasoma 13 na kinaongezeka milimita moja kila siku.

Ningekuwa na namba moja tu, ningeongeza nondo. Namba mbili zinasema kitu kingine kabisa: sehemu iliyofungwa na nondo imebaki nzima, na nzima hiyo inashuka yote kwa pamoja kwa sababu kuna kitu kinafunguka juu yake. Kuongeza nondo za mita 2.4 kungeongeza uzito wa chuma kwenye kitu kinachoanguka.

Tumefunga njia panda na kuisimamishia matimba. Mzee aliongoza kazi hiyo mwenyewe. Kisha tumepandisha kamera ndogo kwenye shimo la dari. Kwenye mita 2.9, ndani ya jiwe la mchanga, kuna utepe wa makaa wenye unene wa sentimita 12 hivi, na juu yake pengo linaloonekana wazi. Hakuna kisima cha uchunguzi kilichopita karibu na hapo.

Aprili, wiki ya pili

Njia panda ni mahali pa hatari kuliko pengine popote mgodini. Sehemu kubwa ya maporomoko ya dari hutokea hapo, ingawa njia panda ni sehemu ndogo tu ya urefu wa njia zote. Upana wetu ni mita 5, lakini ulalo kutoka kona hadi kona ni zaidi ya mita 7, na kona zikimegeka unakua tena. Nilipima eneo halisi la kichochoro cha saba: mita za mraba 30, badala ya 25 za kwenye ramani.

Mzigo hadi kwenye utepe wa makaa: 2.9 mara 30 mara 2.5, karibu tani 218. Kamba za chuma za milimita 15.2, urefu wa mita 6, kila moja hukatika ikifika takriban tani 26. Kamba 14 zinatoa tani 364, mara 1.67. Ninaziweka zaidi katikati na kwenye kona, na zote zinashika mita 3 juu ya utepe. Nondo nimezihesabia sifuri kwa mzigo huu, kwa kuwa ncha zake hazifiki huko.

Kwa njia panda zijazo nimebadili utaratibu. Kamba zinaingia kabla ya kichochoro kufunguliwa, wakati dari bado ina upana wa mita 5 tu. Kona zinakatwa mwisho, kwa mkono, wala mashine isizile. Na hakuna kichochoro kitakachofunguliwa pale ambapo kamera itaonyesha utepe wa makaa chini ya mita 4. Kitasogezwa mbele, hata kama ramani ya uingizaji hewa itabidi ichorwe upya. Mwenzangu wa hewa hakufurahi. Nimekaa naye tukapata nafasi ya mita 12 za kusogea bila kuathiri mzunguko.

Aprili, mwisho wa mwezi

B kwenye kichochoro cha saba kilisimama kwenye milimita 19, siku chache baada ya kamba ya mwisho kukazwa. A hakijasogea tangu 5. Mzee anasoma mwanzoni na mwishoni mwa zamu, na kijana mmoja anajifunza kwake.

Ramani ya dari sasa ina kanda tatu, zimechorwa kwa rangi na kubandikwa karibu na taa za kofia. Kijani: nondo za mita 1.8. Njano: nondo za mita 2.4. Nyekundu: mita 2.4 pamoja na kamba, kwenye kila njia panda na popote penye utepe wa makaa. Chini ya ramani kuna amri: jumla ya milimita 10, msimamizi wa zamu aniite. Jumla ya 25, au milimita 2 kwa siku moja, watu watoke, na hakuna anayerudi kwa neno la ofisini bila mimi na mzee kuingia kwanza.

Kazi zinazofuata: majaribio ya kuvuta kwenye kanda ya njano, kamera kwenye mashimo yote ya dari kati ya kichochoro cha nane na cha kumi, na kumwonyesha mkaguzi wa migodi kifungu cha matimba kabla gogo la kwanza halijaondolewa.

Mei, siku za mwanzo

Unyevu umeanza kuingia na hewa safi. Katika njia ya watu, wavu umeanza kujaa vipande vya mwamba wa tope, ingawa viashiria havijasogea. Unyevu unakula uso wa dari kati ya mabamba. Nimeagiza saruji ya kunyunyizia, unene wa sentimita 4, kuanzia mlangoni hadi kichochoro cha pili, ambako hewa ya nje inagusa dari kwanza. Kipande cha majaribio cha mita 10 kitapigwa Jumatatu, na cha mita 10 jirani yake kitabaki wazi ili tulinganishe.

Mzee ameomba kiashiria kingine, kiwekwe pale anapokaa kula. Kimewekwa.